Alisikia "Shuka"

We, yule kaka yangu wa baiskeli si aliapa asubuhi kwamba milima yote hii haina mwanaume wa kumshusha kwenye tandiko? Sasa tuko zahanati, na kaninong'oneza yote.

Alikuwa anateremka kwenda mtoni, mbio za kichaa. Kwenye kona jamaa mwenye panga akarukia barabarani: "Shuka! Shuka!"

Kaka hakuuliza. Alishuka kweli, akachomoa pampu, akamtwanga nayo ya mdomo. Meno mawili chini. Jamaa yuko magotini bado anasema "shuka", kaka akamwongeza ya taya. Nakwambia damu hadi kwenye usukani.

Ndipo akatazama mbele ya kona. Daraja hakuna. Mto umelibeba. Jamaa ni mkulima tu, katoka shambani kumwokoa.

Unajua alifanya nini? Akatupa pampu, akakimbia.

Sasa hivi amekaa kitandani kama shujaa, mkono umevimba, anamwambia muuguzi, "Dada, nimevamiwa na jambazi."

Pazia la pembeni likafunguka. Mzee wa watu, taya limefungwa bandeji, pampu ya kaka mkononi.

Akamwangalia taratibu.

"Shuka."

Kaka kashuka.