Jibu Lililotoka Mkononi Mwangu

Baba Salma wangu,

Natumaini wewe na watoto mnalala vizuri. Mimi hapa Nandagala kisamvu cha mama mdogo kimeshafanya magauni yaanze kunibana.

Leo asubuhi tulikuwa uani tunapepeta ufuta, kaupepo kanatusaidia, redio iko dirishani na maswali ya Bunge. Mara mbunge wetu akauliza zahanati ya kijiji chetu itaanza kazi lini. Ungo ulitaka kuniponyoka. Unakumbuka wilayani walivyonitaka mimi mtendaji wa kijiji nitume taarifa ya kuandalia jibu la swali hilo, na mwenyekiti wa kijiji akanisihi niandike kwamba kila kitu tayari, wakubwa wasije wakakasirika. Nikaandika: jengo lipo, mhudumu hayupo. Tangu siku ile nasubiri barua ya kuitwa kujieleza.

Naibu Waziri akasimama, akasoma: "Mheshimiwa Spika, jengo lipo, mhudumu hayupo."

Mama mdogo akanigeukia. "Mbona huyu anaongea kama wewe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mbunge akaongeza swali: je, yuko tayari kuongozana naye akajionee? Naibu Waziri akajibu yuko tayari, Bunge likiahirishwa tu, na mhudumu atakuja naye.

Mchana nimelala usingizi ambao sijaupata tangu niandike ile taarifa. Nakuletea ufuta mweupe, ule unaoupenda. Mwambie mwenyekiti simnunii, ila mbuzi wake wanaolala chumba cha kujifungulia pale zahanati awatoe leo, na sakafu aisugue mwenyewe.

Wako,
Mama Salma