Nguruwe wa Viazi

Jumapili, 16 Desemba 1956

Meza ya baridi tena hapa hotelini. Kamba wa kuchemsha, kuku kwa saladi, mayai ya kujaza, samaki wa kupaka aliyepoa. Tikiti maji nimelichonga kikapu, nikalitia maembe na mananasi. Wazungu wanajipangia wenyewe sahani, na hapo ndipo raha yangu ilipo. Bibi mmoja wa Nairobi ameweka samaki wa kupaka juu ya keki. Akala, akamaliza, akarudi kuongeza. Nimecheka peke yangu nyuma ya pazia. Sikuwa na wa kumwambia.

Vyakula vya nguruwe ni vya Mutua. Yeye ni Mkamba, Mkristo, ana meza yake, visu vyake na karai lake kwenye kona ya jiko. Nilikubaliana hivyo na Memsahibu, mwenye hoteli, siku ya kwanza nilipokuja Diani. Kwetu Gazi hawasadiki. Zamani haikufungwa ndoa pale ila pilau nimepika mimi. Sasa ni mwaka wa sita sijaitwa hata kwenye hitima. Wanaulizana mikono yangu inashika nini huku.

Jumatano, 19 Desemba

Barua ya shemeji Hamisi, kaka wa marehemu mke wangu. Mwanangu Mwanasha ameposwa na posa imepokewa. Hilo limekwisha amuliwa, kwani kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye sauti, na Mwanasha amelelewa kwake tangu mama yake afariki. Arusi Ijumaa ya kwanza ya Februari.

Mwanasha ameomba jambo moja tu. Pilau apike baba yake. Shemeji amekubali. "Njoo upike, watu wale, maneno yaishe."

Nimeisoma mara nne. Nimelia, nikajikemea, nikalia tena.

Jumatatu, 24 Desemba

Balaa. Nguruwe wa Krismasi hakufika. Gari limeharibika Likoni, jua likamaliza kazi, wamemtupa. Kila mwaka hukaa mzima katikati ya meza, na wageni wote wameshaahidiwa. Memsahibu amekaa juu ya gunia la mchele analia kama aliyefiwa.

Mutua ametazama dari. Mimi nimetazama viazi.

Jumanne, 25 Desemba

Nimemfinyanga! Viazi vya kuponda, vilivyokandwa na mayai na unga kidogo vishikane. Ndani nimejaza samaki changu aliyechambuliwa miba, kwa tangawizi na ndimu. Masikio ni chapati zilizokauka kwenye mafuta. Macho karafuu. Mkia ni ganda la chungwa, limejikunja lenyewe. Juu nimempaka siagi na sukari ya kuungua, nikamtia ovenini. Ametoka mwekundu, anang'aa, karibu akorome.

Nimemleta mezani mwenyewe. Memsahibu alipomkata na kiazi cheupe kikatokea, ukumbi mzima ulipiga makofi. Hapakubaki hata sikio. Bwana mmoja alikuwa amenipiga picha mlangoni kabla nguruwe hajakatwa, nikiwa na sinia mikononi.

Sikugusa haramu, na meza imesimama. Sijapata kujiona fundi namna hii. Mutua amekwenda kanisani na wenzake. Nimekunywa chai kwa mkate chumbani.

Jumanne, 8 Januari 1957

Yule bwana ameniletea picha yangu kutoka Mombasa. Kanzu nyeupe, kofia, meno yote nje. Nimeiegemeza kwenye birika nikaitazama wakati wa kula. Hivyo tulikuwa wawili.

Jumatano, 9 Januari

Nimempa picha Mzee Salimu, anayetuletea samaki kutoka Gazi, ampelekee Mwanasha. Nyuma nimeandika: "Mwanangu, itazame kazi ya baba yako." Atacheka mpaka aketi chini. Alikuwa hivyo tangu mdogo.

Jumatatu, 14 Januari

Mzee Salimu ameshusha samaki bila kunitazama. Nimemwamkia, ameitikia huku anakwenda. Nimemuuliza kama picha imefika. "Imefika. Wote wameiona." Akapanda baiskeli.

Wote?

Alhamisi, 17 Januari

Shemeji Hamisi amekuja. Sikuwahi kumwona Diani. Amesimama nje ya lango, hakutaka kuingia hata kupewa maji.

Amenitolea picha mfukoni. Nikaitazama tena, na wallahi ndipo nilipoiona. Picha haina rangi. Haina harufu. Hakuna kiazi pale. Kuna mtu mzima, Mwislamu, amebeba nguruwe wa kuchoma, na amefurahi.

Nikiitazama mimi huona viazi, kwa sababu nilivimenya mwenyewe. Sikuandika neno moja la kueleza. Mjinga.

Nimemweleza yote, mpaka karafuu. Amesikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mimi nakusadiki, shemeji. Lakini sinia zikishuka, nisimame nimweleze nani na nimwache nani? Mpishi nimeshampata, anatoka Msambweni. Wewe njoo umwozeshe mwanao."

Nimemwambia anipe mpaka Jumatatu, nitaomba ruhusa, nije nionyeshe. Amesema karibu, nyumba ni yako. Kwa upole. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 19 Januari

Nimeunguza mchuzi mara mbili. Mutua ameniuliza kama naumwa. Nimesema meno.

Jumatatu, 21 Januari

Nimekwenda Gazi na kikapu cha viazi.

Nilijiona mwerevu. Kama jicho limedanganywa na picha, basi jicho lione kazi inavyofanyika. Nikawasha moto uani kwa shemeji, nikachemsha, nikaponda. Majirani wakaja mmoja mmoja wakasimama. Nikawaonyesha: hiki kiazi, huu unga, hili yai. Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaonja kiazi akasema kitamu.

Kisha nikaanza kufinyanga. Mgongo, shingo, pua. Nilivyozidi kupatia ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Nilipoweka sikio la kwanza, mama mmoja alimshika mwanawe mkono akaondoka. Nami sikuacha. Nilikuwa naitafuta pua, ilikuwa imelala upande. Mungu anisamehe, nilitaka iwe nzuri.

Shemeji akatoka barazani. "Bwana wee! Unanifinyangia nguruwe uani kwangu, na arusi haijabakiza hata wiki mbili?"

Mwanasha akaja akachutama mbele yangu, akanishika vifundo vya mikono. "Baba, basi. Mimi nilijua si nguruwe wa kweli tangu siku ya kwanza. Wewe huwezi kufanya vile. Nilicheka, nikamwonyesha mke wa mjomba naye acheke. Ndiyo ikatoka nyumbani. Nisamehe."

"Sasa wameona ni viazi," nikasema.

"Wameona, baba. Lakini sasa wamekuona unamtengeneza."

Akakusanya viazi vyote kwenye kikapu, akavifunika kwa kanga yake. Nilirudi na mikono inanuka yai. Kosa la picha ni kosa la kutofikiri. La leo nimelifanya macho yangu yako wazi, mbele ya watu, kwa sababu ya pua ya nguruwe.

Jumatano, 23 Januari

Nimefikiri kuacha kazi. Nikiacha, je? Gazi sitapika, na hapa pia sitapika. Nitakuwa mtu wa kula tu.

Nina upweke. Nimeliandika neno hili nilione lilivyo.

Jumapili, 27 Januari

Meza ya baridi. Sikuchonga kitu. Tikiti nimelikata vipande kama lilivyo. Memsahibu ameuliza, "Hakuna kikapu leo?" Nimesema kisu butu. Wageni wamekula vilevile, hawakuona tofauti. Hilo nalo limeniuma.

Ijumaa, 1 Februari

Leo ndiyo leo. Nimeoga, nimevaa. Nakwenda.

Jumamosi, 2 Februari

Ndoa ilifungwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Niliketi uso kwa uso na mkwe wangu, nikamshika mkono, nikasema maneno yangu bila kukwama. Kijana mzuri, kiganja kilimtoka jasho. Mkono wangu huo huo wanaoutilia shaka ndio alioushika, watu wakaitikia amina.

Walipokuwa wanasubiri sinia, nilizunguka nyuma ya nyumba. Sikukusudia. Miguu ilinipeleka kwenye moshi. Sufuria nne kubwa, na yule mpishi wa Msambweni, kijana kuliko mimi, mikono ya kanzu imekunjwa. Mtu safi, anapanga vitu vyake kwa utaratibu. Hanijui. Sufuria ya mwisho ilikuwa inaanza kushika chini, harufu yake naijua. Nikamwambia apunguze makaa.

Akanitazama, akafuta jasho lake kwa mkono wa kanzu ili aniamkie vizuri. "Shikamoo, mzee. Ahsante. Nitayatazama." Kisha, kwa adabu kabisa, "Huku kuna moshi, utachafua nguo. Tafadhali nenda ukakae na wageni wenzako."

Nilikwenda nikakaa.

Sinia ilikuja, tukaizunguka watu watano. Walikula nami, hakuna aliyevuta mkono. Pilau ilikuwa nzuri. Nilitaka iwe mbaya, haikuwa. Aliyekaa kulia kwangu alinisogezea kipande cha nyama, kama anavyofanyiwa mtu aliyetoka mbali, akasema, "Karibu, mzee, kula."

Nikamwambia ahsante, nikala.