Kadi Usiyoiona Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Huku tunaamka salama, na shangazi kapata mjukuu wa kike.

Ule mchezo wangu wa mezani umenishinda. Kila mchezaji hubandikwa kadi kwenye paji la uso. Wenzake wanaiona, yeye haioni, hivyo huwauliza maswali mpaka aitambue. Mchapishaji ameupenda, ila anataka niuvike kisa kabla ya Ijumaa. Nimejaribu wafalme, nikajaribu wezi, wapi!

Jana niliucheza na Baba na Mama. Baba akatuona tunavyokwepa maswali yake, akaibandua kadi bila kuitazama.

"Mwanangu, kisa si hiki hapa? Mgonjwa na jamaa zake wanaojua alichosema daktari."

Mama akainamisha kichwa.

"Ni saratani, Baba," nikasema. "Tunajua tangu mwezi wa tatu."

Akauliza, "Na dada yako naye?"

Nikamwambia ndiyo. Mpigie, dada. Tangu asubuhi simu ameiweka mapajani, na hataki mtu aiguse.

Ni mimi, mdogo wako niliyechelewa kusema.