Sanamu Kumi na Sita Mbele ya Mlango

Kashuga, tarehe 3 Machi 2024

Murekatete binti yangu,

Amani ikukute huko Mubi. Kile kikohozi kimekuacha? Mimi niko. Magoti tu yananisumbua mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kila siku.

Sylvain wa pikipiki alinifikishia mfuko wako. Sabuni nimepata, chumvi nimepata, na zile sanamu mbili za plastiki ulizozitoa kwenye balo la tombola, zile nguo kuukuu, nimepata pia. Yule askari wa angani hana mkono wa kushoto, lakini hata kwenye filamu aliupoteza, basi hajaharibika. Roboti nimemsugua kwa majivu mpaka njano yake ikarudi. Sasa wamefika kumi na sita. Wanakaa mbele ya mlango, upande wa barabara, kwenye etajeri, rafu ya mianzi niliyoijenga Oktoba. Nimewapanga kama walivyokuwa ukutani kwenye sinema yetu ya video kule nyumbani, kabla hatujakimbia: marubani juu, watu wa sayari nyingine katikati, maadui chini. Asubuhi nawatoa, jioni nawaingiza.

Thacienne, kiongozi wa upande wetu wa kambi, alikuja kulalamika. "Papa Nzabandora, ile masanamu yako iko naogopesha batoto. Bamama ba maombi banasema ni yenyewe inaleta hii mvula." Nilimwambia mvua ilikuwa ikinyesha hapa Masisi kabla plastiki haijazaliwa. Alicheka, lakini hajaniacha.

Ukimwona rubani mwenye kofia nyekundu, nitumie. Nafasi yake iko wazi.

Ni mimi Papa yako.


Mubi, tarehe 21 Machi 2024

Papa yangu,

Nakushika mikono yote miwili. Kikohozi kimeisha, uchovu ndio umebaki. Kutwa nafungua mabalo ya nguo kuukuu dukani kwa Mama Élisabeth, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Magoti yako unayakanda na maji ya moto kama nilivyokuambia?

Papa, wenzako kambini wanaomba bashi mpya, turubai ya kuezeka, wewe unaomba rubani. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Njoo Mubi. Chumba kipo, na Mama Élisabeth amekubali. Sylvain atakuleta polepole, mtalala njiani mara moja. Sanamu zako ziweke mfukoni, au mwachie Thacienne aziombee.

Uko peke yako hapo, na mimi nimechoka kukuwazia. Unangoja nini?

Binti yako,
Murekatete


Kashuga, tarehe 10 Aprili 2024

Binti yangu,

Nakusalimu, na Mungu akulinde na lile vumbi. Magoti ni yale yale.

Umeniuliza nangoja nini. Namngoja kaka yako Archange. Hapa vibanda vyote ni bashi moja nyeupe, hata mimi mwezi wa kwanza niliingia mara mbili kwa watu. Lakini Archange akipita barabarani na kuziona zile sanamu, hataulizia kwa mtu. Mbali na zako, kila moja tulinunua pamoja, na utaratibu wa kuzipanga ni wake. Atajua Papa yuko hapa. Nikija Mubi, nani atazitoa asubuhi?

Kuna jambo jingine, na nimechoka kulibeba. Siku tuliyokimbia, nilikuambia Archange alirudi kuchukua mbuzi. Nilidanganya. Tulikuwa tumeshafika kwenye mikaratusi, risasi ziko nyuma yetu. Nikapapasa mfuko, nikakuta rubani wa kofia nyekundu hayumo. Nikamwambia, "Archange, kimbia umulete." Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, angeweza kukataa. Alinitazama tu, akarudi. Mimi ndiye niliyemtuma, Murekatete. Kwa ajili ya plastiki.

Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini uniandikie.

Papa yako


Mubi, tarehe 2 Julai 2024

Papa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nisamehe kwa miezi hii ya kunyamaza. Sylvain alipita hapa mara nne, kila mara nikamwambia sijamaliza kuandika. Sikuwa nimeanza.

Archange yuko hai. Nimejua tangu Januari mwaka huu. Alikuja dukani kutafuta buti, sikumtambua mpaka aliponiita. Hakufika hata nyumbani siku ile. Watu wenye bunduki walimkamata njiani, wakambebesha mizigo yao nusu mwaka, mpaka alipowatoroka. Sasa anachimba dhahabu Omate. Mgongo wake una alama ambazo sitaki kuziandika.

Aliniapisha nisikuambie. Papa, alipita Kashuga akija huku. Aliiona etajeri. Aliniambia hivi: "Dada, nilibaona bote banapangwa muzuri, marubani juu. Nikasema, Papa alipata nguvu ya kubeba hawa. Nikapita." Alisema pia alikuona umeinama unamfuta mmoja kwa shati lako.

Nilinyamaza kwa sababu sikuelewa hasira yake. Alikataa kunieleza, na wewe uliniambia ni mbuzi. Nikawa nakutumia sanamu nikidhani zinakuliwaza, kumbe nilikuwa nakusaidia kumngoja mtu aliyekwisha kupita. Sasa naelewa, na nimewakasirikia wote wawili, na mimi mwenyewe.

Murekatete wako


Kashuga, tarehe 19 Julai 2024

Murekatete,

Salamu. Uzima upo.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini. Thacienne alinikuta hapo, akadhani ni magoti. Nilimwambia, "Mutoto wangu iko muzima." Akapiga vigelegele, majirani wakaja, wakaimba, na mama mmoja wa maombi akanikumbatia. Sikuweza kuwaambia sehemu iliyobaki. Niliimba nao.

Sanamu nimeziingiza ndani na sijazitoa tena. Hapa nabaki kidogo, kwa sababu sina uso wa kumwonyesha. Usimwambie arudi. Usimwambie nimelia, atafikiri namlazimisha. Mwambie nilimtuma vibaya, na kwamba ni mimi niliyesema hivyo, kwa mkono wangu, si wewe unayenitetea.

Halafu muulize kama anakula. Asipojibu, acha wiki ipite, umuulize tena.

Papa yenu