Nilimpiga Supavaiza kwa Ndoo, Sasa Anataka Nisaini

Shangazi Rakeli, shikamoo, na pokea salamu za Buffalo,

Mimi ni msomaji wako, jarida lako tunaligombania kila Jumapili baada ya ibada, na leo naomba unisikilize mimi mwenyewe maana kichwa kimejaa na nyumbani hapa hakuna wa kukipunguza. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Mtabila, Tanzania, miaka kumi na mitano, tukaja Amerika mwaka 2008 mimi na mume wangu Yonasi na binti yetu, tunakaa karibu na barabara ya Bailey, na nafanya kazi katika kiwanda cha keki upande wa Kenmore, kazi yangu ni kupaka krimu, na sijisifu, shangazi, lakini ua la krimu nikilichora mimi hata nyuki anaweza kulidhani la kweli.

Basi Jumanne ya tarehe 12 mwezi huu wa nane, asubuhi, supavaiza wetu, nitamwita Bwana D, aliniambia nimfuate kwenye friji kubwa, ile ya kuingia kwa miguu kama chumba, tukatoe ndoo za krimu, nami nikaenda kwa sababu ni kazi, na nilipoinama tu akafunga mlango akanifanyia utovu wa adabu, nikamwambia hapana kwa Kiingereza, nikamwambia hapana kwa Kirundi, akaendelea, akanibana kwenye rafu, ndipo nikamtwanga na ndoo niliyokuwa nimeishika, mfuniko ukafyatuka, krimu yote ikammwagikia kichwani. Nikakimbia. Akatoka nyuma yangu mweupe mpaka kwenye nyusi, akawaambia watu ameteleza, na wanawake wa mstari mzima walicheka mpaka mashine ikazimwa, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Kesho yake akaniita kando akanionyesha mchubuko juu ya jicho.

"Unaona hii? Hii ni kesi," akasema. "Nikipiga simu polisi, anayefungwa pingu ni wewe. Na grini kadi yako, kwaheri."

Halafu akanipa karatasi ya Kiingereza, akasema nisaini tu, yaishe. Kila siku ananiuliza, na sasa anasema mwisho ni Ijumaa hii ya tarehe 29. Shangazi, Kiingereza changu kinatosha kununua sukari na kumtaja rais wa kwanza wa Amerika, kwa sababu huyo niliambiwa nimkariri, usaili wangu wa uraia ni tarehe 9 mwezi wa kumi, lakini karatasi yenyewe sikuielewa, na binti yangu wa haiskuli sikumwonyesha kwa aibu.

Yonasi nilimwambia. Alipiga viatu vyake rangi jozi zote, na vya kwangu pia, kisha akasema, "Mama, kambini tulisubiri miaka kumi na mitano. Tunashindwa kusubiri miezi mitatu? Uapishwe uraia kwanza, ndipo useme." Na mimi namwelewa, kwa sababu nina binamu yangu Angelika, alikwenda kufanya kazi za ndani katika nchi moja ya Ghuba, mtoto mkubwa wa mwenye nyumba akamwingilia kwa nguvu, akaenda polisi na gauni lake limechanika, wakamuuliza mashahidi wako wako wapi, hakuwa nao, wakasema basi umekiri zinaa, wakamfungia yeye miezi minane. Tangu hapo kwetu tunajua kwamba anayepiga yowe ndiye anayefungwa.

Ningenyamaza, shangazi. Lakini kuna msichana Mkongomani, anaitwa Nzigire, ana miaka ishirini na miwili, ameanza kazi majuzi tu, na Ijumaa iliyopita akanifuata kwenye makabati ya nguo.

"Mama Veri, ule chef anasema mwezi ukianza nikuwe nafika mbele ya bengine, nimusaidie mu frigo. Donc, ni vile kazi iko hapa?"

Nikajua chef ni Bwana D, na frigo ni friji ile ile, na anamtaka afike kabla ya wenzake, nikamwambia mwambie unaumwa mgongo.

"Lakini mugongo haiko inaniuma," akasema, na ananitazama kwa macho yale ya mtu asiyejua kudanganya.

Sasa nifanye nini, nisaini, nisubiri kiapo, au niseme na nipoteze kila kitu? Nimekuwekea kopi ya hiyo karatasi humu ndani. Nijibu upesi.

Ni mimi Veridiana, Buffalo, tarehe 24 Agosti 2014

*

Veridiana mwanangu, marahaba,

Barua yako ilinifikia hapa Louisville Jumatano, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa, kwa hiyo sikungoja jarida lichapwe. Nilikupigia simu kabla hata sijavua koti. Hapa naandika yale niliyokuambia, kwa idhini yako, maana najua wako akina Veridiana wengine ambao hawajapata stempu.

Kwanza, pole. Hukukosea kuingia kwenye friji, ulikuwa kazini. Hukukosea kupiga, ulikuwa umebanwa. Na kile kicheko usikitubie, mwili hutafuta pa kutokea.

Sasa kaa nikugombeze. Unajua hiyo karatasi inasema nini? Inasema: "Nakiri kwamba nilimpiga msimamizi wangu bila sababu yoyote, na sina malalamiko dhidi ya mtu yeyote kiwandani." Hiyo umeibeba kwenye mkoba wiki mbili, pamoja na lozenji na kitabu cha nyimbo! Una binti anayesoma Kiingereza kama anayekunywa maji, ukamficha yeye, ukamwonyesha mwanamke wa Louisville usiyemjua. Bwana D hakuhitaji kukufunga pingu, mwanangu. Alikuletea kalamu ujifunge mwenyewe. Usisaini. Wala usiichane, wala usimrudishie. Hiyo karatasi ni shahidi wako. Mtu aliyeteleza kwenye krimu ana haja gani ya kuomba saini yako?

Kuhusu Angelika. Yaliyompata ni kweli, na bado yanawapata wanawake wanaofanya kazi katika nchi ambako sheria humdai aliyeumizwa mashahidi, na akiwakosa humgeuza yeye mkosaji. Mdogo wangu angekuwa huko, nisingemwambia akimbilie kituoni peke yake. Ningemwambia atafute kwanza wakili, au ubalozi, au shirika la wafanyakazi, kabla jina lake halijaandikwa popote. Hofu yako ina baba na mama, siicheki. Lakini inaishi nchi nyingine. Hapa ulipo, kumripoti aliyekudhulumu hakukunyang'anyi grini kadi, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umelalamika. Fomu ya uraia inakuuliza kama umewahi kukamatwa. Haikuulizi kama umewahi kuumizwa. Hata mwanamke asiye na karatasi kabisa, akifanyiwa hivyo, zipo njia za kisheria za kumlinda, amuulize wakili asimuulize jirani.

Sikudanganyi kwamba hatari hakuna. Ipo, ila si pale mnapoitazama wewe na Yonasi. Mumeo ni mtu mwema, mtu anayepiga rangi viatu vya mkewe kwa huzuni ni wa kutunza, lakini hesabu yake imekosea. Mnadhani kusubiri ni salama. Bwana D akitangulia kusimulia, ndoo yako itafika polisi bila mkono wake kutajwa, na hapo ndipo utakapokamatwa, na hapo ndipo fomu ya uraia itakapokuwa na la kujazwa. Kwa hiyo tangulia wewe, na ndoo uitaje mwenyewe tangu mwanzo, usiifiche hata tone. Aliyejitetea hana cha kuficha. Mambo haya pia yana muda wake kisheria, ukipita, mlango unafungwa.

Hatari nyingine iko mdomoni mwako. Nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka kumi na miwili, nikatumwa mara moja Columbus kwa kesi ya mama mmoja aliyekuwa akisafisha vyumba vya hoteli. Siku ya kwanza alikuwa ametafsiriwa kwa simu na shemeji yake. Mama alisema, "Yule mwanamume alinisumbua." Shemeji akatafsiri vile vile, kwamba alimsumbua, kama nzi anavyosumbua. Askari akafunga daftari. Miezi miwili baadaye mama akapata ujasiri, akasema jambo lenyewe kwa jina lake, wakamwambia amebadilisha maneno, ni mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa na adabu, basi.

Na wewe umeniandikia "utovu wa adabu". Veridiana, utovu wa adabu ni mtoto kupita mbele ya wageni bila kusalimu. Alikushika wapi? Kwa mkono gani? Ulisema hapana mara ngapi? Kwenye simu ulilia kidogo, kisha ukaniambia yote wazi, na dari la nyumba yako halikuanguka. Yaseme hivyo hivyo. Dai mkalimani mwanamke asiye ndugu wala muumini mwenzako, na usitie saini maelezo mpaka usomewe kwa Kiswahili neno kwa neno. Likikosewa, lirekebishwe hapo hapo, hata kama askari anatazama saa.

Alhamisi uombe ruhusa kazini, uende ofisi ya msaada wa kisheria niliyokupa namba yake, hawakutozi kitu. Nenda na Yonasi. Mwambie akae kimya na ashike mkoba. Wakili atakwenda nawe polisi na katika ofisi ya wafanyakazi, na ndiye atakayekuandaa kwa usaili wako wa uraia. Karatasi ya Bwana D mwachie yeye. Jioni mweleze binti yako, atakusaidia kuliko unavyofikiri. Lakini Nzigire mwambie leo, kabla ya yote, na umwambie ukweli, si habari za mgongo. Mtu asiyejua kudanganya mpe jambo la kweli la kusema.

Rakeli, Louisville

*

Veridiana ameniletea barua nyingine mwezi huu wa kumi na mbili. Ameniomba niichape, nami sijaigusa hata nukta.

Shangazi,

Nilikwenda Alhamisi ile. Yonasi alishika mkoba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga na hakusema neno, isipokuwa tulipofika mlangoni aliponiambia, "Tangulia, mimi niko nyuma yako." Kisha wakili akatupeleka polisi, na mkalimani alikuwa mama kutoka Rochester, tukasoma maelezo mara mbili, mahali pamoja waliandika mkono wa kushoto, nikasema ni wa kulia, wakabadilisha.

Siku ya pili kiwandani Nzigire aliingia ofisi ya wafanyakazi kabla yangu. "Bon," akawaambia, "mimi niko na yangu pia ya kusema," maana kumbe Bwana D alikwisha kumshika kiuno mara mbili. Halafu wakaja wengine wawili wa mstari wa masanduku, mmoja ana miaka tisa pale, na wote walikuwa wakidhani ni wao peke yao. Bwana D naye alikuwa amekwenda ofisini mapema kusema nilimshambulia, lakini wakili akawauliza, mbona siku yenyewe mliandika kwenye daftari la ajali kwamba aliteleza? Wakamsimamisha, kisha wakamfukuza, na kesi yake iko mahakamani, nimeambiwa nitaitwa kutoa ushahidi mwezi wa pili. Naogopa kidogo. Nitakwenda.

Nilimpigia Angelika, yuko Dar es Salaam siku hizi, anashona. Nikamsimulia yote. Akaniuliza, "Walikupa kiti?"

"Walinipa kiti. Na maji."

 Akasema, "Mimi nilisimama," na akaniambia, kwa mara ya kwanza, mambo yote, saa nzima, na mwishoni akasema amepumua. Ameniomba namba ya simu yako.

Usaili nilipita. Bibi mmoja aliniuliza kama nimewahi kukamatwa nikasema hapana, akaniuliza rais wa kwanza nikamtaja kabla hajamaliza swali, akacheka. Wiki iliyopita nimeapishwa, binti yangu alipiga picha sitini na katika zote Yonasi amefumba macho.

Jipya la kazini ni tangazo. Ofisi imebandika karatasi za haki za wafanyakazi kwa kila lugha, na ya Kiswahili walitafsiri kwa kompyuta, ilisema, "Kama wewe ni kugusa, kuwa taarifa." Nikatoa kalamu nikaandika, "Ukiguswa bila idhini yako, toa taarifa ofisini." Nzigire akasoma, akasema hicho ni Kiswahili cha padri, hakuna atakayekielewa, akaandika chini yake, "Mutu akikugusa bila wewe kupenda, kuya useme." Tukabishana mapumziko yote mpaka chai ikapoa. Mwisho ofisi ikayapiga chapa yote mawili. Matangazo hayo yamebandikwa, moja juu ya jingine, kwenye mlango wa friji.