Kimya cha Mama Baada ya Salamu

Chumba cha Nyuma,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kunigombeza ndiko anakoweza zaidi.

Lile jumba la sinema ambako Mama alikatisha tiketi kwa miaka ishirini na mbili, sasa ni ghala la magodoro. Siku hizi kila mtu sinema yake iko mfukoni. Nasi tukayavulia maji nguo. Kila Jumamosi nasukuma cherehani ukutani, natundika shuka nyeupe dirishani, nasimamisha simu juu ya makopo ya nyuzi, namrekodi Mama video ya kuweka mtandaoni. Mama anasimulia filamu alizozisikia kupitia ukuta wa kibanda chake bila kuziona. Pale asipojua, anatunga. Mwanga ukipenya kwenye shuka, chumba kinakuwa kama kinaelea, nami nasahau hata suruali za wateja.

Jambo moja lilitugombanisha. Mama huanza na "Hamjambo?" kisha hunyamaza, akaitazama simu, akangoja. Enzi zake hakuna aliyepewa tiketi kabla ya kuitikia salamu. Kwenye video ya kwanza nilikikata kile kimya. Alipoiona alininunia siku mbili: "Unamsalimu mtu halafu unamziba mdomo?" Nikakirudisha. Kaka, watu wanaitikia! Muuguzi wa zamu, dereva wa lori, mzazi anayenyonyesha, wote wanaandika: hatujambo, mama.

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja mtayarishaji wa kampuni moja ya filamu. Alitaka kuzichukua video zote na kuniajiri mimi niwe mhariri wao, kwenye chumba chenye dirisha kubwa, niagane na cherehani. Kazi hiyo nimeiota mchana kweupe. Sharti lake: kimya kile kitoke, maana watazamaji wa leo hawangoji hata sekunde tatu.

Mama alisema tu, "Mwenye mkasi ni wewe."

Nilikaa siku nzima na video mbele yangu. Kila nilipofika pa kukata, niliuona uso wake unavyongoja, nikaviona na vyumba vya mbali ambako mtu yuko peke yake, anafungua mdomo kuitikia. Nikamrudishia bwana yule mkataba wake bila saini.

Usinisifu. Niliitaka kazi ile, na bado naitaka. Nililia juu ya gauni la mteja mpaka ikabidi nilifue. Mama hakunibembeleza. Jumamosi iliyofuata alikaa, akasalimu, akangoja, kisha kabla ya kuanza hadithi akanitazama mimi niliye nyuma ya simu. "Na wewe, mwanangu, hujambo?"

Akangoja mpaka nikaweza kuitikia.

Msalimie wifi na wale pacha. Waambie shangazi yao anawashonea. Mungu akulinde huko uliko, na siku moja akulete mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Kifungo