Rangi ya Nywele za Mama

Dada Kadzo,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia na shemeji hajambo. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umechafuka, kwa hiyo nivumilie.

Tangu uliponipigia simu kuhusu Mama, chakula hakinishuki. Watafiti wa ofisi yetu walifika hapo Kakuyuni, wakamwomba mzee wa mtaa awatajie vikongwe wanaoweza kusingiziwa uchawi, ati wapate kujua namna ya kuwalinda. Akawaandikia. Na kwa kuwa kwetu orodha yoyote ya majina husomwa barazani, iwe ya mahindi ya msaada au ya vyandarua, asije mtu akalalamika kafichwa, akasimama akaisoma. Mama kusikia jina lake akainuka na mfuko wake, akidhani ni unga. Ndipo mtu akauliza orodha ni ya nini, na mzee akajibu.

Sasa mahamri yake hayanunuliwi, na akipita watoto huvutwa ndani. Na wewe wajua huko kwetu watu wenye mvi wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko haya.

Nilimwendea mkubwa wangu nikamweleza yote. Akasema, "Pole, Katana. Lakini kwenye ripoti jina la kijiji tumelificha."

Nikamuuliza, "Mmemficha nani? Watu wa Kakuyuni wasijue wanaishi Kakuyuni?"

Akanitaka nipunguze sauti, kuna wageni. Sikupunguza.

Lakini dada, kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Swali lile aliloulizwa mzee nililitia Kiswahili mimi. Lilikuja kwa Kiingereza, nikalipanga hapa mezani kwangu, nikajisifu kwamba hata Mama angelielewa. Nami nimekulia hapo, najua fika majina husomwa. Sikufikiri. Nilitaka kumaliza kazi niende nikale. Nimejikasirikia hata kalamu inatoboa karatasi.

Wasema Mama hataki kuja huku Nairobi, kwamba nyumba ni yake na Baba amezikwa pale. Anachotaka ni rangi ya nywele tu. Mama yule yule aliyekuwa akivua leso kichwani makusudi, watu waone mvi zake, leo anaomba kuzificha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Mambrui akija. Mzee wa mtaa usimpe salamu zangu. Mwambie aite baraza Jumamosi, nakuja. Aliposimama kusoma majina nitasimama mimi, nilitaje la aliyeandika swali, na wamtazame huyo badala ya Mama.

Rangi imo humu kifurushini, chini ya sabuni. Mpake wewe, maana mikono yake inatetemeka. Mpake kabla sijafika, nisione. Na nyusi usizisahau, dada, nazo zimekuwa nyeupe.

Ni mimi mdogo wako,
Katana